Shajara ya Benzi ya Baba: kuifufua 240D ya 1983

Jumamosi, 6 Januari 2024, Makorora, Tanga

Leo nimeanza. Kwa miaka tisa Baba amekuwa akizima gari lake kwa mkono. Akifika nyumbani anageuza ufunguo, anauchomoa, anautia mfukoni, na injini inaendelea kunguruma vile vile. Basi anavuta kishikio cha boneti, anashuka, anazunguka mbele, anainua boneti na kubonyeza kiwenzo kidogo kilichoandikwa STOP. Hapo ndipo panakuwa kimya. Majirani wamezoea. Watoto wa mtaani wakisikia boneti inafungwa wanajua mzee karudi.

Lakini Baba sasa ana miaka 74, na bega la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi. Wiki iliyopita nilimwona amesimama mbele ya gari, mkono mmoja juu ya boneti, anakusanya nguvu. Nikamwambia, "Baba, mwaka huu gari hili litazimika kwa ufunguo." Akanijibu, "Inshallah, mama. Ila usianzie huko. Anzia kwenye mafuta."

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D, usukani kulia, rangi ya maziwa. Kwenye kibao kilicho mbele karibu na rejeta aina yake imeandikwa 123.123. Tarakimu tatu za kwanza ni jina la ukoo: W123, familia iliyozinduliwa Januari 1976 na kuendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 1986, jumla yake karibu magari milioni 2.7. Tatu za mwisho ndizo zinazosema hii ni 240D: dizeli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,399, nguvu farasi 72. Gia nne za mkono. Lilitoka kiwandani Sindelfingen, karibu na Stuttgart, likaletwa kwa meli, likafungwa namba za SU za mashirika ya umma, na mwaka 1984 dereva aliyekabidhiwa ufunguo wake alikuwa Baba. Akaliendesha miaka 12, yeye mbele kulia, mabosi nyuma kushoto. Shirika lilipovunjwa mali zake zikapigwa mnada, na mwaka 1997 Baba alitoa karibu kiinua mgongo chake chote akalinunua. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka Mama alivyokaa kizingitini akilitazama likiingia uani, hajasema kitu, kisha akaenda kuchota ndoo ya maji akaanza kuliosha.

Mimi nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo siku zangu za kazi ya gari ni Jumamosi. Fundi wetu ana gereji Mabawa, chini ya mkungu, na amekubali kuja nyumbani pale ambapo mikono yangu haitoshi.

Jumapili, 7 Januari

Tumelizunguka gari na daftari. Halizimiki kwa ufunguo. Asubuhi linawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Likipanda kilima linakosa nguvu kama linanyimwa pumzi. Mbele kulia linagonga kwenye mashimo. Ukiachia klachi kuna mshituko chini, katikati ya gari. Kutu kwenye fenda mbili, kwenye matundu ya jeki na ndani ya buti. Sentro loki imekufa, kila mlango unafungwa peke yake. Mita ya kilomita iliganda kwenye 412,608 na Baba hakumbuki mwaka gani.

Ndani hakuna pa kulalamika. Viti havijachanika, dashibodi haijapasuka. Baba alikuwa akitandaza shuka kwenye vioo kila alipoegesha juani, tangu akiwa dereva wa ofisi.

Jumamosi, 13 Januari

Mafuta. Baba alikuwa sahihi kuanza huku.

Tangi la lita 65 liko nyuma ya kiti cha nyuma, na chini yake kuna chujio la wavu linalofungwa kwa nati kubwa ya spana 46. Spana ya namba hiyo haipo kwa fundi yeyote niliyemuuliza Mabawa mpaka Ngamiani. Fundi akachukua kipande cha bomba nene, akakichomelea pembe sita kwa ndani, akakipima, kikaingia. Tulimwaga mafuta kwenye madumu, tukafungua, na lililotoka halikuwa chujio tena. Lilikuwa donge jeusi, laini kama tope la mikoko, limeziba kila tundu la wavu. Miaka ya kununua dizeli ya madumu, wakati vituo vilipokauka, yote ilikuwa imeganda pale.

Nilikaa nikiliosha wavu kwa mswaki na mafuta ya taa, nikamsimulia Baba habari za Bertha Benz. Mume wake Karl aliomba hataza ya gari la injini tarehe 29 Januari 1886, lakini watu hawakulichukulia kwa uzito na yeye mwenyewe alisitasita. Agosti 1888 Bertha akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaliondoa gari Mannheim bila kumwambia mumewe, akaenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipopungua alinunua petroli nyepesi ya kusafishia kwenye duka la dawa la Wiesloch. Mpira wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika akamwendea fundi viatu akazipigilia ngozi. Safari hiyo moja ilimsaidia sana mumewe kulitangaza gari lake.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "kazi ya kwanza ya gari hili duniani ilikuwa kuzibua bomba la mafuta." Akanyoosha mkono akaomba mswaki.

Tumebadilisha filta mbili, ile ndogo ya plastiki na ile kubwa, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo pembeni ya pampu ya dizeli. Jioni tulipanda kwa gia ya tatu kilima ambacho lilikuwa likikipanda kwa gia ya pili.

Jumamosi, 20 Januari

Kuwaka asubuhi. Dizeli haina cheche, mafuta yanajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika injini hii mafuta hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Yanaingia kwanza kwenye kichumba kidogo, yanaanza kuungua humo, ndipo moto unatoka kwenda kwenye silinda. Ni wazo la Prosper L'Orange, mhandisi wa Benz, la mwaka 1909, na ndilo lililosaidia dizeli kutoka kwenye meli na viwanda na kuingia kwenye magari. Mwaka 1936 Mercedes-Benz walitoa 260 D, gari dogo la abiria la kwanza la dizeli kutengenezwa kwa wingi, na la Baba limetoka moja kwa moja kwenye mstari huo.

Injini ikiwa baridi, kila kichumba kina hita yake. Tulizipima nne kwa mita ya umeme: tatu zilikuwa nzima, ya silinda ya tatu imekatika kabisa. Kwa kuwa kila moja inapata umeme wake, kufa kwa moja hakuzuii nyingine, ila silinda moja inaamka imechelewa na ndiyo ilikuwa inatoa ule moshi. Tumeweka mpya nne. Kabla ya kuzifunga, Fundi alikwangua masizi kwenye matundu. Ukiacha masizi, hita mpya inaungua mapema kwa kukosa nafasi. Hili wengi hulipita, kisha wanalaumu spea.

Sasa taa ya njano ikizimika kwenye dashibodi, mguso mmoja tu unatosha.

Jumamosi, 27 Januari

Siku bora mpaka sasa. Tumepima valvu.

Kuna magari ambayo ukifungua boneti unakutana na mfuniko wa plastiki unaokuambia usiguse. Hili limejengwa kwa imani kwamba mwenye gari ataligusa. Boneti yake inasimama wima kabisa, nyuzi 90, ili mtu afanye kazi bila kuinama chini ya bati. Valvu zake hazijirekebishi zenyewe, zinamtaka binadamu kila baada ya kilomita 20,000 au 25,000 hivi. Valvu nane: za kuingiza hewa nafasi ya 0.10 mm, za kutolea moshi 0.30 mm, injini ikiwa baridi.

Unageuza injini polepole kwa soketi ya 27 mpaka kinundu cha kamshafti, mhimili unaosukuma valvu, kitazame juu. Unaingiza fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kisha spana mbili za 14, moja inashika nati ya chini, nyingine inalegeza ya juu. Baba hakunipa nambari. Alinishika mkono, akausogeza pamoja na geji taratibu, akaniuliza, "Unasikia?" Nikasema sisikii kitu. Akalegeza kidogo. "Sasa?" Kulikuwa na ukinzani mdogo, kama kuvuta karatasi kutoka katikati ya kitabu kilichofungwa. "Hiyo ndiyo. Ikikataa kutoka imekaza, ikitoka bila kukushika imelegea." Alijifunza hivyo mwaka 1985 kwa fundi mkuu wa karakana ya shirika, mzee aliyekuwa amesomea kazi kwa Wajerumani.

Valvu tatu za kutolea moshi zilikuwa zimebana. Valvu iliyobana haipigi kelele, na ndiyo maana ni mbaya: inaungua kimya kimya huku gari linasikika vizuri. Nilirekebisha sita mwenyewe, Baba mbili. Kazi ilituchukua saa tatu kamili. Injini ilipowashwa, Baba alisimama pembeni amefumba macho, akatikisa kichwa kidogo kufuata mapigo.

Jumamosi, 10 Februari

Nimerudi kutoka Dar na basi la usiku. Gerezani nilipata bushi, raba mbili za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, shokapu za mbele na boljointi za chini, maungio yanayoshika magurudumu ya mbele. Duka moja limeniuzia boljointi zilizo kwenye boksi lenye maandishi mazuri ya Kijerumani na nembo iliyochapwa vizuri. Nilipofika nyumbani Fundi akaishika, akaizungusha kwa vidole viwili, akanirudishia bila neno. Ilikuwa inacheza, mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Shilingi 90,000 zimekwenda na duka limekataa kurudisha.

Nimeumia, si kwa pesa peke yake. Boljointi ya chini ikichomoka barabarani, gurudumu linalala. Anayeuza bandia ya filta anaiba pesa. Anayeuza bandia ya kitu hiki anauza ajali. Tangu leo kila kipande cha usukani na breki tutakipima mkononi kabla ya kulipa, na boksi hatutaliangalia.

Jumamosi, 24 Februari

Boljointi nzuri zimetoka Mombasa, kwa mtoto wa shangazi anayevuka mpaka wa Horohoro kila mwezi. Zimepigwa kwenye presi. Raba ya propela ya mbele ilikuwa imepasuka katika matundu manne kati ya sita, ndiyo iliyokuwa inatoa ule mshituko wa klachi. Kimya sasa.

Jumamosi, 2 Machi

Kutu. Tanga ni pwani, na upepo wa bahari hauchagui gari la nchi gani.

Adui wa W123 ni maji yaliyokosa pa kutokea. Kila kizingiti cha mlango kina matundu ya jeki, na matundu hayo yakipoteza vifuniko vyake yanakunywa maji ya barabarani. Mpira wa kioo cha nyuma ukikakamaa, mvua inateremka ndani ya buti na kutuama kwenye shimo la tairi la akiba. Nilibonyeza kwa bisibisi karibu na tundu la jeki la nyuma kushoto, ikazama mpaka kwenye mpini.

Fundi bodi wa kwanza aliyekuja alipiga hesabu ya puti na rangi, siku mbili, limekwisha. Nilikataa. Puti juu ya kutu ni kufunika kidonda kwa plasta bila kukiosha. Wa pili alikubali kukata mpaka kwenye bati zima, kuchomelea bati jipya, kupaka dawa ya kutu ndani na nje, na kuacha matundu ya kutolea maji wazi. Bei mara tatu, muda wiki tatu. Fenda za mbele hazikuhitaji kuchomelewa, zimefungwa kwa boliti tu, tumepata mbili nzima kutoka gari lililolala Korogwe.

Siku moja nilimkuta fundi huyu amelala chini ya mlango na kioo kidogo cha kujitazamia, anaangalia upande wa ndani wa mshono wake, mahali ambapo hakuna mtu atakayewahi kupaona. Nimemwongezea nauli.

Ramadhani

Kazi imepungua. Baada ya futari tunakaa na Baba garini, milango wazi, redio chini. Nimesafisha vidude vya umeme kwenye boksi la fyuzi, fyuzi moja moja, kwa sandpepa laini. Taa za breki zimerudi.

Jumamosi, 20 Aprili

Masika hii si ya kawaida. Hakuna kazi ya nje. Nimesoma, na Baba amesimulia.

Jina Mercedes ni la mtoto. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler kule Nice, alitaka gari jepesi, lenye kasi na lililo chini, na akataka lipewe jina la binti yake, Mercédès. Wilhelm Maybach akalichora, likatoka mwaka 1901. Nyota ya pembe tatu ilisajiliwa 1909, nchi kavu, maji na anga, sehemu ambazo Daimler alitaka injini zake zifike. Daimler na Benz walikuwa washindani kwa miaka 40, na waanzilishi wao, Gottlieb Daimler na Karl Benz, inasemekana hawakuwahi kuzungumza. Kampuni zao ziliungana Juni 1926 kwa sababu ya shida, baada ya vita na mfumuko wa bei ulioikausha Ujerumani.

Kuna ukurasa mwingine, nami nauandika kwa sababu gari hili nalipenda. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Daimler-Benz ilitengeneza injini za ndege na magari ya jeshi, na kufikia mwisho wa 1944 karibu nusu ya watu waliofanya kazi katika viwanda vyake walikuwa wamelazimishwa: raia waliokamatwa nchi za mashariki, mateka wa vita, wafungwa wa kambi. Kampuni yenyewe ilikuja kuliandika hilo miaka ya 1980. Nilipomsomea Baba alikaa kimya, kisha akasema babu yake aliwahi kushikwa kubeba mizigo ya Wajerumani, zama za ukoloni wao hapa, na hakurudi akiwa mzima. Hakuendelea. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Baadaye tulizungumza habari ya Wabenzi. Neno hili ni letu, Afrika Mashariki ilianza kulitumia miaka ya 1960 kwa wakubwa wapya, kana kwamba ni kabila: Wasambaa, Wadigo, Wabenzi. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kujilimbikizia mali, lakini magari ya ofisi yaliendelea kuja. Nilimuuliza Baba kama neno lile lilimuuma, yeye akiwa mbele ya usukani. "Watu walikuwa wakiona nyota inakuja wananyamaza," akasema. "Walikuwa hawaninyamazii mimi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naona nyuso zao kwanza." Alisema pia kwamba miaka ile mafuta yalipokuwa ya mgawo, alisukuma gari hili pamoja na meneja aliyevaa kaunda suti, kutoka njia panda ya Segera, usiku, na kwamba yule meneja ndiye bosi aliyempenda kuliko wote.

Ninachokijua ni kwamba gari lile lile lililokuwa kiti cha mkubwa hapa kwetu, kwao lilikuwa teksi. Ujerumani Magharibi, madereva teksi walijazana kwenye W123 za dizeli, rangi ya pembe ya ndovu iliyopauka. Na Thessaloniki, Ugiriki, dereva teksi Gregorios Sachinidis aliendesha 240D ya 1976, ya toleo la kabla ya hili letu, mpaka kilomita milioni 4.6, akiwa na injini za kubadilishana. Mwaka 2004 aliirudisha Stuttgart, na iko kwenye jumba la makumbusho la Mercedes-Benz. Baba alinifanya nirudie ile nambari mara tatu.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tumelifunga gari kwa turubai na kamba kwenye nguzo za banda. Hatukulala.

Jumamosi, 11 Mei

Banda limesimama. Leo tumeingia kwenye kiini cha jambo: kwa nini halizimiki.

Dizeli hii haikatwi umeme ili izimike, kwa sababu haitegemei umeme kuendelea. Lazima inyimwe mafuta. Mbele ya injini kuna pampu inayovuta hewa, na uvutaji huo, vakyumu, ndio mtumishi wa gari zima: unasaidia breki, unafunga na kufungua milango, na ukigeuza ufunguo kuzima, swichi iliyo nyuma ya tundu la ufunguo inaufungulia njia mpaka kwenye kibweta kidogo chenye mpira ndani, kilichofungwa kwenye pampu ya dizeli. Mpira unavutwa, unavuta wenzo, mafuta yanakatika. Ni fizikia ya sekondari. Mahali popote hewa ikipenya, mtumishi anachoka, na wa kwanza kukosa nguvu ni kile kibweta.

Nilikopa pampu ya mkono yenye geji kutoka maabara ya shule. Kibweta cha kuzimia kikashika, sindano haikushuka. Swichi ya ufunguo ikashika. Pampu ya injini inavuta vizuri. Ndipo Fundi akachomoa kijipira chembamba kinachokwenda kwenye sentro loki, akaziba mdomo wake kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa, akamwambia Baba, "Mzee wangu, zima."

Baba akageuza ufunguo. Injini ikafa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Miaka tisa, na lililotuzuia lilikuwa kwenye milango.

Tungeweza kuacha kijiti pale, na Fundi alisema wengi huacha hivyo. Lakini Baba alitaka milango. "Ilikuwa inafunga yote kwa pamoja," akasema, "tak." Basi tukapima mmoja mmoja. Mlango wa dereva una vali inayoamuru, mingine ina vibweta vyake, buti na kifuniko cha mafuta vile vile. Kifuniko cha mafuta kizima. Buti zima. Mbele kushoto mzima. Nyuma kulia mzima. Nyuma kushoto, ukivuta pampu, sindano haikunyanyuka hata kidogo.

Mlango wa bosi. Nikafungua skrubu za kishikio, nikatoa mkono wa kupandishia kioo, nikanyanyua bodi la ndani kwenda juu. Nyuma ya karatasi ya nailoni kulikuwa na mchanga wa ufukwe wa Raskazone wa miaka 40 umeziba matundu ya maji. Kibweta kilikuwa chini, mahali penye giza. Mpira wake umepasuka kama kisigino cha mkulima. Ni mlango uliofunguliwa na kufungwa kuliko mingine yote, kila siku ya kazi, na anayeufungua alikuwa Baba, kwa nje, akisimama wima mpaka mtu ashuke.

Jumamosi, 18 Mei

Kibweta kimefika kutoka Mombasa. Nimekifunga. Nimezibua matundu ya maji ya milango yote minne. Nimefunga tena bodi la ndani, na vijipira vya zamani vya kwenye maungio tumebadilisha vyote, kwani kilichofikisha miaka 40 leo kitapasuka kesho. Baba alifunga mlango wake kwa ufunguo akiwa nje. Tak. Milango mingine mitatu ikaitikia, na buti, na kifuniko cha mafuta. Akaifungua na kuifunga mara nne.

Jumamosi, 25 Mei

Barabarani. Oili mpya, mita ya kilomita imetengenezwa na inatembea tena kutoka pale ilipoishia. Tumetoka saa moja asubuhi, Baba usukani, mimi kushoto mbele, Mama nyuma na kikapu cha maembe ya dodo yaliyochelewa. Muheza kwenda na kurudi, kama kilomita 70.

Gari hili halina haraka. Kasi yake ya mwisho, likiwa jipya, ni kama 143 kwa saa, na kufika 100 linahitaji zaidi ya sekunde 20. Lakini kwenye 80 linakaa mahali pake. Matuta linayameza bila kurusha mtu. Usukani ni mkubwa, Baba anaushika kwa chini, viganja vimetazama juu, na kila kabla ya kona anaachia mafuta mapema kuliko ninavyotarajia. Nyota iliyo mwisho wa boneti alikuwa anaitumia kupima ukingo wa barabara. Hakuna kugonga, hakuna mshituko, hakuna moshi. Karibu na Pongwe Mama aliimba kidogo, akanyamaza.

Tumerudi saa nne. Mita inasoma 412,679. Baba aliingiza gari uani, akavuta breki ya mkono, akavuta kishikio cha boneti kama kawaida yake, kisha akageuza ufunguo. Ikazimika hapo hapo. Alibaki ameketi, mkono bado kwenye ufunguo. Halafu akashuka, akazunguka mbele, akainua boneti mpaka ikasimama wima, akatazama ndani, akaifunga kwa viganja viwili, taratibu.